Hatua za Kubebewa

Kosa la Bi Nambua lilikuwa kosa la mtu mwenye huruma. Mkamwana wake, Namkunda, alikuwa na mimba ya miezi sita, miguu imevimba hata viatu vimemkataa, na bangili ya Mizani mkononi mwake ilikuwa inamdai atembee. Bi Nambua hakuona ugumu wowote hapo. Aliivua ile bangili, akaivaa yeye, akachukua mundu na kamba, akapanda mlima kukata majani ya ng'ombe. Jioni alishuka na mzigo uliomfunika uso. Akautua, akafuta jasho kwa upindo wa kanga, akamrudishia Namkunda bangili yake.

"Hatua za leo nimekubebea," alimwambia. "Wewe pumzika."

Asubuhi yake Mpimaji akafika.

Mpimaji huyo aliitwa Eliwaza, mzaliwa wa kijiji kile kile cha Mrindini, aliyeshuka bondeni kusomea ukunga akarudi na koti jeupe. Alikuja kwa kigari cha waya, kile kinachowavuta watu kutoka barabarani hadi mlimani kama ndoo inavyovutwa kisimani. Aliposhuka alisimama kidogo nje ya ua, akautengeneza uso wake wa kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bi Nambua alijibu. "Umekuja kwa miguu au umebebwa?"

"Nimekuja na kigari."

"Basi umebebwa. Kaa."

Eliwaza alikaa kwenye kigoda, kibao chake cha kioo magotini. Namkunda alikuwa mlangoni akichambua mnavu, akajua kwa namna yule dada alivyokwepa kumtazama kwamba habari si njema.

"Mama," Eliwaza alianza, "jana bangili ya Namkunda ilipanda mlima mpaka mpakani mwa msitu, ikiwa na moyo wa mtu wa miaka hamsini na minane. Na kutwa nzima haikusikia sukari yake hata mara moja. Mizani imeandika udanganyifu."

"Hamsini na ngapi?"

"Na minane."

Bi Nambua alimgeukia mkamwana wake. "Umesikia? Mimi nina sitini na saba. Moyo wangu bado unaposwa."

"Mama, hili si la mzaha. Hatua hazibebwi."

"Maji yanabebwa. Kuni zinabebwa. Hata huyo mtoto mwenyewe sasa hivi anabebwa. Hatua zina uzito gani usiobebeka?"

Eliwaza aliinamisha kichwa kwenye kibao chake ili kicheko kisionekane. Alipokiinua, uso wa kazi ulikuwa umerudi. "Bangili imegeuka njano," alisema taratibu. "Alhamisi ana kikao. Ikigeuka nyekundu, gari la Makao litamfuata siku hiyo hiyo."

Bi Nambua hakuwa na utani tena. Namkunda aliendelea kuchambua mboga, lakini majani mazuri yakawa yanaangukia upande wa takataka.

Mizani haikuwa mashine ya kuonekana. Ilikuwa sauti iliyokaa katika kila zahanati ya milimani, na masikio yake yalikuwa mikononi mwa wanawake. Mjamzito akigundulika na kisukari cha mimba, alipandikizwa punje ndogo chini ya ngozi ya mkono, nyuma ya bega. Punje ilionja damu yake mchana na usiku ikaiambia bangili, na bangili ikaiambia Mizani. Bangili yenyewe ilihesabu hatua, matonge, usingizi na sindano. Kisha iliwaka rangi. Mwenye kijani alijifungulia kwao. Mwenye nyekundu alipelekwa Makao ya Wazazi, kule chini kwenye joto, akalale kitanda chake mwenyewe, ale sahani yake mwenyewe, mpaka ajifungue.

Kama ingepimwa sukari peke yake, Namkunda asingekuwa na la kuogopa. Sukari yake ilikuwa imetulia vizuri. Lakini Mizani ilipima vitu viwili: hiyo sukari, na kile ilichokiita kujitunza, maana yake ni kiasi gani cha huo utulivu kimetoka katika mkono wa mjamzito mwenyewe bila kusukumwa. Walioitengeneza walisema mama anayeweza kujitunza peke yake atakuwa salama hata siku atakapokuwa peke yake. Hoja hiyo haikuwa mbaya. Ila Mrindini hapakuwa na mtu aliyewahi kuona mjamzito ameachwa peke yake, labda kama watu wa kwao wamekufa wote.

*

Mgeni akiondoka husindikizwa, kwa hiyo Namkunda alijitanda kanga akatoka na Eliwaza. Hawakufika mbali wakakutana na Mama Kiondo, jirani wa huko chini penye migomba, anapanda huku anahema na mikono imeshika kiuno.

"Mmeshakula?" aliuliza kabla ya salamu.

"Tumekula, Mama Kiondo."

"Basi nimekuja kusindikizwa."

"Ndiyo kwanza unafika," Eliwaza alisema.

"Nimefika, nimewaona, naondoka. Nataka kusindikizwa." Akamkonyeza Namkunda. "Majuzi nilichelewa, ikabidi aje mwenzangu. Tuna zamu zetu, wewe Mpimaji. Kila mlo wa huyu una mgeni wake, na kila mgeni ana njia ndefu ya kwenda kwao. Juzi nilimpitisha kwa Wamisheni wakati kwangu ni hapo."

Hivyo ndivyo sukari ya Namkunda ilivyotulia. Mrindini, kazi inayomshinda mtu mmoja hupigiwa mbiu, watu wakatoka na majembe yao, wakaimaliza kwa siku moja, ndiyo msaragambo. Ilipojulikana kwamba mimba ya Namkunda ina sukari, wanawake hawakupiga mbiu, ila waliitendea mimba ile kama mtaro ulioziba. Mmoja alileta unga wa dona badala ya sembe. Mwingine alikuja kila jioni kumkumbusha sindano, akijifanya ameishiwa chumvi. Kwenye sinia, Bi Nambua alimsukumia upande wake mboga na maharage, akajivutia ugali. Na baada ya kula, wageni walihitaji kusindikizwa.

Waliposindikizana mpaka penye mwerezi, Mama Kiondo alijitenga akakaa juu ya jiwe kupumzika, au kuwaacha waongee.

"Alhamisi itakuuliza nani aliamua ulichokula," Eliwaza alisema kwa sauti ya chini. "Sema, mimi mwenyewe. Itakuuliza nani alikukumbusha sindano. Sema, mimi mwenyewe. Kuhusu bangili, sema uliisahau uani, mama akaiokota. Itameza. Utarudi kijani."

"Nitakuwa nimesema uongo."

"Wote wanasema hivyo. Wote ninaowapima mimi. Wanakuja na mashangazi zao na mawifi zao mpaka mlangoni, wanaingia peke yao, wanasema mimi mwenyewe, wanatoka, wanapokelewa mikoba. Mimi ndiye ninayewaelekeza. Ungetaka niwapeleke Makao?"

Namkunda alikuwa anaangalia bonde. Huko chini, mahali ukungu ulipoishia, paliwaka mabati meupe ya Makao, ukiyataka usiyatake.

"Na dada yangu Naetwe, ulimwelekeza?" aliuliza mwishowe.

"Nilimwelekeza. Hakunisikia. Ilipomuuliza nani anapika, akasema mama yetu. Ilipomuuliza nani anamchoma sindano, akasema mdogo wangu."

Mdogo huyo alikuwa Namkunda. Naetwe alikuwa akiogopa sindano tangu utoto, alifumba macho na kuimba mpaka imalizike. Ndipo bangili yake ikawa nyekundu, akashushwa bondeni kujifunza kujitunza.

Na alijifunza. Huko Makao aliyepata kijani aliruhusiwa kurudi kwao, kwa hiyo Naetwe akaanza kula kidogo, halafu kidogo zaidi, ili sukari ishuke na rangi ipande. Sindano alijichoma. Kizunguzungu kilipomjia hakuita mtu, kwa sababu kuita kulipunguza alama. Asubuhi moja walimkuta kitandani, yeye na mtoto tumboni, wamepoa, na bangili yake inawaka kijani. Siku ya mazishi alikuja bwana mmoja kutoka Makao, akasimama kando ya kaburi akasema marehemu alikuwa mfano wa kujitunza. Baba yao alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba apewe koleo.

"Niambie kitu kimoja, Dada Eliwaza," Namkunda alisema. "Nani aliiambia Mizani kwamba kusaidiwa ni hatari?"

"Hakuna aliyeiambia. Mwanzo haikujali. Ilijifunza yenyewe, kwa majibu ya wanawake na kwa namna walivyojifungua. Iliona wanaosema mimi mwenyewe wanajifungua salama. Wanaosema nimesaidiwa walikuwa wachache, wengi wao wageni wa mjini wasio na ndugu, mtu anamtaja muuza duka kwa kukosa wa kumtaja. Hao walipata shida. Basi ikaamini kujitunza ni kuwa peke yako."

"Lakini hao wanaojifungua salama walikuwa wanadanganya."

"Ndiyo."

"Walikuwa na watu nyuma yao, wote."

"Ndiyo, Namkunda."

"Kwa hiyo kila anayesema mimi mwenyewe akaokoka, anamfungia mlango mwenzake anayekuja nyuma."

Eliwaza alikivuta kibao chake kifuani kama mtu anayesikia baridi. Inawezekana alikuwa ameshayajua hayo siku nyingi, ila hakuwa amewahi kuyasikia yakisemwa.

"Mimi nataka ujifungulie kwenu," alisema. "Hilo tu. Nilishasimama kando ya kaburi moja la nyumba yenu. Mengine watayatengeneza wenyewe huko chini."

"Watayatengenezaje, kama hakuna anayewaambia?"

Mama Kiondo aliinuka kwenye jiwe lake. "Nyie, mimi nimeshapumzika mpaka nimechoka. Nani ananisindikiza?"

*

Jumatano jioni Bi Nambua alisonga ugali mdogo, wa kutosha watu wawili wasio na njaa. Mumewe Namkunda alikuwa mbali, kwenye mitambo ya upepo kule nyanda za Same, na kila siku alituma sauti yake kuuliza hali. Siku hiyo Namkunda alikuwa hajamjibu.

"Usiniangalie mimi," Bi Nambua alisema akipakua. "Najua unachokiwaza. Eliwaza ameniambia."

"Amekuambia nini?"

"Kwamba ukisema mimi mwenyewe utabaki. Sema, mwanangu. Mimi sitakasirika. Jina langu usipolitaja sipungukiwi kitu, nilishaolewa nalo na nitazikwa nalo."

"Na Mwanaidi je?"

Mwanaidi alikuwa binti wa nyumba ya pili, mimba ya kwanza, punje amewekewa majuzi tu. Namkunda ndiye aliyekuwa anakwenda kumwonyesha mahali pa kuchoma.

"Mwanaidi naye atasema mimi mwenyewe."

"Na siku akija mmoja asiyejua kudanganya? Naetwe hakujua. Angejaribu, angecheka katikati."

Bi Nambua alisukuma maharage upande wa mkamwana wake, kama kawaida, lakini mkono ukabaki pale kwenye sinia. "Nikuambie ukweli? Mimi naogopa. Yule mtoto ni wangu pia. Wewe ukishuka kule chini, mimi nitakaa hapa nasonga ugali wa nani? Nataka uwe mwoga, Namkunda. Uwe mwoga mpaka uzae, halafu tutakuwa mashujaa wote wawili, na mtoto mgongoni."

Namkunda alicheka, na kicheko kikamtoa machozi. Mtoto alijigeuza tumboni. Bangili yake ya njano ilihesabu tonge alilolishika na kulirudisha.

"Hata mimi naogopa, mama," alisema. "Nikifumba macho naona kile kitanda. Lakini nikisema mimi mwenyewe, nitakuwa nimesema kwamba hukuwepo. Kwamba Mama Kiondo hakuwepo na magoti yake yale. Na kwamba mimi sikuwepo wakati Naetwe anachomwa sindano anaimba. Hilo siliwezi. Nimejaribu kulisema peke yangu jikoni, mdomo unakataa."

Bi Nambua aliufunika ugali uliokwisha kupoa. Kisha akasema, "Kesho nitabeba hotipoti mbili. Kikao huchelewa, na wewe huruhusiwi kukaa na njaa."

*

Zahanati ya Mrindini ilikuwa na chumba kimoja cha kikao, na mlango wake ulikuwa pazia. Wajawazito walikaa kwenye benchi la ukumbini, mashangazi na mawifi wamejaa uani na mikoba. Kila mtu alisikia kila kitu, na kwa desturi kila mtu alijifanya hasikii.

Namkunda aliitwa wa kwanza. Alikaa mbele ya ukuta mweupe wenye jicho dogo la kioo. Eliwaza alisimama pembeni, mikono ndani ya koti.

"Karibu, Namkunda," Mizani ilisema. Ilikuwa na sauti ya kike, ya upole, Kiswahili chake kimepigwa pasi. "Sukari yako wiki hii ni nzuri sana. Hongera. Nani aliamua ulichokula jana jioni?"

Eliwaza alimtazama. Midomo yake ilicheza bila sauti: mimi mwenyewe.

"Mama mkwe wangu," Namkunda alisema. "Bi Nambua. Unga ulitoka kwa Mama Kiondo. Mnavu ulichumwa kwa Mzee Msangi, aliyetuambia tuchume tu."

"Taja jina moja."

"Si moja."

"Jibu lenye majina mengi huhesabiwa kuwa hakuna aliyeamua."

"Basi hujui kuhesabu. Nimekutajia watatu, unaniambia hakuna."

Kule benchini mtu alikohoa.

"Nani alikukumbusha sindano?" Mizani iliendelea bila kukasirika.

"Mke wa mwalimu. Alikuja kuomba chumvi. Nyumbani kwake ana chumvi ya kumtosha ng'ombe."

"Nani alisababisha utembee baada ya kula?"

"Mama Kiondo. Na siku ile nyingine, unayoita udanganyifu, mama mkwe alitembea kwa niaba yangu. Alikosea. Alidhani ni kazi kama kazi nyingine. Lakini hakukudanganya. Ungemuuliza angekuambia."

Alipokuwa anasema, bangili ilikuwa inabadilika taratibu. Ilipofika nyekundu yenyewe, Namkunda aliishusha mkononi akaiweka mezani, kwa sababu mwanga wake ulikuwa unamwumiza macho.

"Sukari yako ni nzuri," Mizani ilisema, "lakini kujitunza kwako ni kwa kiwango cha hatari. Gari la Makao limeitwa. Mpimaji athibitishe kwa kidole gumba kabla kikao hakijafungwa saa nane mchana. Isipothibitishwa, amri itafutika."

Kwenye ukuta, chini ya lile jicho, kikawaka kibati kidogo cha kupokea kidole.

"Nitathibitisha baada ya wengine," Eliwaza alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kuna foleni."

Mwanaidi aliingia. Alikuwa ameshikilia pindo za kanga yake kwa mikono yote miwili. Namkunda alikuwa bado amesimama karibu na pazia, na yule binti alipomwona macho yakamzunguka kama ya mwizi aliyefumwa.

"Nani alikuchoma sindano jana?" Mizani iliuliza.

Mwanaidi alikuwa amefundishwa. Alifungua mdomo, akaufunga. Uani watu waliacha kunong'ona.

"Huyo hapo," alisema. "Dada Namkunda."

Bangili yake ikageuka njano. Swali la pili, la tatu, ikageuka nyekundu. Alitoka analia, Namkunda akampokea. Aliyemfuata alikuwa mwanamke mnene mcheshi wa kule juu msituni, mimba ya tano, aliyekuwa kijani tangu mwanzo. Alikaa, akajitengeneza, akasubiri aulizwe.

"Nani aliamua ulichokula?"

"Mume wangu. Yeye ndiye hupika. Na usimwambie mtu, ana cheo kanisani."

Ukumbi ukacheka, benchi zima, na baada ya kicheko hicho hakuna aliyeweza tena kurudi kwenye mimi mwenyewe. Waliingia mmoja baada ya mwingine wakataja watu. Walitaja mama zao, mawifi, waume, mtoto wa jirani anayejua kusoma saa, bibi kipofu anayeonja uji kabla hajampa mjukuu. Mizani ilimwomba kila mmoja ataje jina moja. Kila mmoja alikataa kwa namna yake. Mpaka wa mwisho alipotoka, ukumbi ulikuwa mwekundu kama jiko lililoiva makaa.

"Mpimaji," Mizani ilisema, "thibitisha. Gari limefika."

Dereva wa Makao alikuwa kijana wa Kipare wa kawaida tu, jina lake Mrutu, kofia mkononi. Alisimama mlangoni akatafuta mgonjwa, akakuta wanawake wamekaa chini kwenye mkeka, hotipoti mbili zimefunguliwa, sinia katikati. Ilikuwa mchana, na Namkunda hakuruhusiwa kukaa na njaa.

"Habari za hapa. Nani wa kupanda?"

"Karibu chakula," Bi Nambua alimjibu.

"Ahsante, mama. Niko kazini."

"Nimesema karibu chakula."

Mrutu alilelewa na mtu. Kukuta watu wanakula ukapita kama umekuta mawe, hilo hakufundishwa kwao. Alitazama nyuma kwenye gari, akatazama sinia, akaweka kofia dirishani. Mama Kiondo alikuwa ameshashika birika, akammiminia maji ya kunawa.

"Kula taratibu," alimwambia. "Hapa tunafuata mwendo wa mgonjwa."

"Mpimaji, weka kidole," Mizani ilisema.

Eliwaza alikuwa amesimama kwenye pazia. Namkunda alimwona akikitazama kile kibati, na alijua anachokitazama. Wapimaji nao walipimwa. Mpimaji asiyethibitisha alivuliwa koti, na Eliwaza alikuwa ameuza shamba la baba yake ili alipate. Namkunda angeweza kumsihi, lakini alikuwa amekwisha kusema yake kwa mdomo wake mwenyewe, na ya Eliwaza yalikuwa ya Eliwaza.

Eliwaza alivua koti. Alilikunja vizuri, upande kwa upande, akaliweka juu ya kiti cha kikao. Kisha akaja, akapiga magoti ukingoni mwa mkeka, akamkingia Mama Kiondo mikono. Maji yakapita. Akamega tonge, akalichovya kwenye maharage mpaka mchuzi ukamtiririkia kwenye kiganja, akala.

"Mpimaji, kidole chako."

"Kina mchuzi," Eliwaza alisema, mdomo umejaa. "Ninakula."

"Utamaliza saa ngapi?"

"Sijui. Sinia ni la watu."

Bi Nambua alimsukumia mboga, nyingi. Mrutu alimega tonge la tatu akauliza mnavu huu umeungwa na nini, akajibiwa kwa kirefu, na watu wawili walibishana juu ya karanga. Namkunda alikula maharage yake kwanza, kisha mboga, kisha ugali kidogo. Alijua kwamba wiki ijayo kutakuwa na kikao kingine na pengine mpimaji mwingine, asiyejua njia za Mrindini. Alijua pia kwamba majibu ya leo yalikuwa yameshateremka bondeni, yote, na majina yake, na kwamba wanawake hawa watajifungua, na Mizani italazimika kuyaweka pamoja hayo mawili na kuyatafakari.

"Kikao kinafungwa," ile sauti ilisema mwishowe. "Amri hazijathibitishwa. Zimefutwa." Ikanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta neno ambalo hajawahi kulihitaji. "Namkunda. Ulikuwa wa kwanza kutoa majibu ya kujidhuru. Kwa kumbukumbu, nani alikuelekeza?"

Watu waliacha kutafuna. Namkunda alinyoosha mgongo, mkono mmoja tumboni.

"Naetwe," alisema.

"Jina hilo limeandikwa miongoni mwa marehemu. Marehemu hawezi kuelekeza."

"Najua lilipoandikwa," Namkunda alisema, akarudisha mkono kwenye sinia. "Liandike na hapa."